Siku ya Mwisho Ufukweni



Kila mwezi wa Agosti na wa Desemba, shule zinapofungwa, kuna waume na wake ambao wamejinyima kwa muda mrefu ili wapate siku chache za kupumzika pwani. Si matajiri peke yao. Walimu, wauguzi, makarani na wenye maduka madogo huweka akiba kidogo kidogo, huwaacha watoto kwa nyanya yao, kisha hushika njia ya Diani, Watamu au Malindi. Ni jambo jema, wala asitokee wa kuwaambia kwamba wanapoteza pesa. Mitume waliporudi kutoka kuhubiri, wakiwa wamechoka na wamekosa hata nafasi ya kula, Bwana Yesu hakuwatuma tena mara moja. Aliwaita waende naye mahali pa faragha wakapumzike (Marko 6:30-31). Ndoa nayo huchoka.

Hata hivyo, somo letu la leo halihusu likizo nzima. Linahusu siku moja tu, ile ya mwisho. Wengi huiona kwamba si siku kamili: nusu yake ni kufunga mizigo na nusu ni kutazama saa. Lakini waulizeni wanandoa waliowahi kwenda. Wakiwa wakweli watawaambia kwamba siku waliyogombana ni hiyo hiyo. Juma zima walikuwa kama wachumba. Usiku wa safari wakapanda basi, mmoja akatazama dirisha na mwingine akajifanya amelala, na hakuna aliyesema neno mpaka Nairobi. Kwa nini?

Mwalimu na muuguzi

Tuchukue mfano. Watu hawa ni wa kubuni, ila wako wengi watakaojitambua ndani yao. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi, mke ni muuguzi katika hospitali ya kaunti. Wana miaka 14 ya ndoa na watoto watatu. Wamekaa Malindi siku saba katika nyumba ya wageni isiyo mbali na bahari. Asubuhi walikula mahamri na mbaazi bila haraka. Walitembea hadi kwenye nguzo yenye msalaba inayokumbusha kufika kwa Vasco da Gama mwaka 1498, wakaingia pia katika kale kakanisa kadogo ka Wareno kalikoezekwa makuti, wakasali. Walifurahi kusikia kwamba Mtakatifu Fransisko Xavier mwenyewe alipita Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda India. Jioni walikunywa madafu, na mume akamshika mkewe mkono barabarani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya arusi.

Siku ya saba mke aliamka saa kumi na moja alfajiri. Hakuamka kutazama jua likichomoza. Aliamka kwa sababu kichwani mwake karo ya muhula wa tatu ilikuwa imekwisha kuingia. Mume naye, alipofungua macho, alichukua simu kabla ya kusema habari ya asubuhi. Baada ya chai wakaenda sokoni kutafuta zawadi. Mume akamnunulia mama yake jozi ya leso na kopo la halua, akalipa, akaanza kutoka dukani.

"Na mama yangu, Baba?" mke akauliza. "Si ndiye aliye na watoto?"

"Pesa zimekwisha, Mama. Tutamtafutia kitu tukifika."

"Zimekwishaje? Si ulisema akiba inatosha?"

Wakati huo huo simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Sacco ukieleza makato ya mwezi. Mke akausoma. Kumbe likizo ile haikulipwa kwa akiba. Mume alikuwa amechukua mkopo mwezi wa Juni, nao utakatwa kwenye mshahara wake kwa miezi 18. Hakumwambia mkewe kwa sababu alitaka ampumzishe kweli, asikae pwani akipiga hesabu. Mke aliona tofauti. Aliona amelishwa deni siku saba akicheka.

Tena kuna jambo ambalo mume hakulijua. Ndani ya mkoba wa mkewe ilikuwamo barua ya uhamisho, aliyoipokea siku moja kabla ya safari. Anatakiwa ahamie hospitali nyingine, mwendo wa saa mbili kwa matatu kutoka nyumbani. Aliificha kwa sababu ile ile: hakutaka kumharibia mumewe likizo.

Ugomvi haukuwa wa leso

Mtu akiwasikiliza pale dukani atadhani wanagombania leso. Ndivyo ugomvi wa siku ya mwisho ulivyo. Hutokea kwenye zawadi, kwenye bili ya soda, kwenye mzigo uliofungwa vibaya, lakini hautoki huko. Unatoka katika yale ambayo kila mmoja aliyaweka kando juma zima. Likizo ina neema hiyo kwamba mnaweza kuyaweka kando. Siku ya mwisho yanarudi, na mara nyingi yanamrudia kila mtu peke yake, kimya kimya, kabla hajamwambia mwenzake. Mume tayari yuko shuleni na mke tayari yuko wodini, ingawa miguu yao bado ina mchanga.

Je, nani alikosa? Katika semina za wanandoa swali hili huleta kelele nyingi, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Kwa maoni ya ukurasa huu siri zile mbili hazikuwa na uzito mmoja. Barua ya uhamisho iliweza kungoja. Hakuna ambacho kingebadilika kwa siku saba, na mke alikuwa na haki ya kumpa mumewe utulivu kama zawadi, mradi alikuwa na nia ya kumwambia kabla ya kufika nyumbani. Mkopo ni jambo jingine. Siri ambayo ndiyo iliyolipia chumba, nauli na chakula si siri ya mtu mmoja. Mke alikuwa anashiriki katika deni bila kuulizwa. Mume alimpenda, hatukatai, lakini alimpenda kama mtoto anavyopendwa, si kama mke. Mapatano ya ndoa ni ya watu wawili wazima, na mshahara wa miezi 18 ijayo ni mali ya nyumba nzima. Mwanamume anayesema kwamba anamkinga mkewe dhidi ya hesabu ajiulize vizuri kama hajikingi yeye mwenyewe dhidi ya swali.

Na wanawake msipige makofi mapema. Wako wake ambao nao huenda likizo na deni la chama wasilolitaja.

Kuteremka mlimani

Tunaposoma habari ya Bwana kugeuka sura, ambayo Kanisa huiadhimisha tarehe 6 Agosti, katikati ya likizo ya shule, mahubiri mengi huishia kileleni. Petro ameona utukufu, anataka kujenga vibanda vitatu, hataki kuondoka. Nani hamwelewi? Kila mtu aliyekaa ufukweni siku saba amewahi kumwambia mwenzake kwamba laiti wangehamia huku kabisa. Lakini endeleeni kusoma, maana kuna mambo mawili yanayotuhusu sana.

La kwanza ni kile kilichowangoja chini. Marko anasimulia (9:14-29) kwamba walikuta umati, walimu wa sheria wakibishana na wanafunzi waliobaki, na baba mmoja mwenye mtoto mgonjwa ambaye wanafunzi wale walishindwa kumponya. Hiyo ndiyo picha ya nyumba mtakayoirudia! Kuna wanaobishana, kuna mtoto mwenye shida, kuna kazi iliyowashinda mliowaachia. Utukufu wa mlimani haukuondoa hata moja kati ya hayo.

La pili husahauliwa zaidi. Bwana Yesu hakuwaacha wale watatu wateremke kimya. Njiani waliongea naye. Walimwuliza habari za Eliya, naye akawaeleza juu ya mateso yatakayompata Mwana wa Mtu (Marko 9:9-13). Neno zito kabisa alilisema katika mteremko, kati ya furaha ya juu na taabu ya chini. Hakulisema katikati ya utukufu, wala hakungoja mpaka wazingirwe na umati.

Hapo ndipo siku ya mwisho inapopata kazi yake. Ndiyo mteremko wenu. Mkiitumia yote kwa kukimbia huku na huku, mtafika chini kila mmoja kwa njia yake.

Saa moja mchangani

Kwa hiyo tunawashauri mtenge saa moja, siku hiyo ya mwisho, ya kutembea wawili tu. Iwe kabla ya soko na kabla ya kulipa bili, kwa sababu mkono ukishatoka mfukoni moyo huwa mkali. Isiwe ndani ya basi. Huko kuna masikio ya majirani, na mwenye kukasirika hana pa kwenda.

Hapa kuna jambo dogo ambalo mvuvi yeyote wa Malindi angewaambia. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kama siku ya kwanza mlikuta bahari imejaa saa nne asubuhi, baada ya siku saba, saa ile ile, mtakuta maji yamekwenda mbali na mwani umelala mchangani. Wageni wengi huvunjika moyo wakaona kwamba hata bahari imewaaga vibaya. Ulizeni tu saa za maji. Yanapojaa mwogelee kwa mara ya mwisho, na yanapokupwa mtembee, maana mchanga ni mgumu na hakuna wa kuwasikia.

Anzeni kwa shukrani. Kila mmoja ataje kitu kimoja kilichomfurahisha katika siku zile, na kiwe kitu chenye jina. Kusema "nimefurahi" tu hakutoshi. Sema kwamba ulifurahi siku ile mvua ilipowafungia kibandani mkacheka hadithi za watoto. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikazia maneno matatu ambayo alipenda kuyarudia kwa familia: kuomba ruhusa, kushukuru na kuomba msamaha. Katika nyumba nyingi za kwetu hilo la kushukuru ndilo gumu kuliko yote. Mume hudhani kwamba kumshukuru mkewe ni kujishusha, na mke hudhani kwamba mume anajua tayari.

Halafu kila mmoja amtolee mwenzake jambo moja ambalo alilificha au aliliahirisha. Moja tu. Msimwage kapu zima, mambo ya mawifi na mashemeji tangu mwaka wa arusi. Mwenye kusikiliza asikilize mpaka mwisho. Kama mwalimu wetu angesema hapo mchangani, "Mama, kuna neno ambalo ningekuambia kabla hatujatoka nyumbani. Likizo hii nimeikopea," mkewe huenda angelia, huenda angekasirika pia, lakini angelisikia kutoka kinywani mwa mumewe, si kutoka kwa simu. Naye angepata mahali pa kuitoa ile barua. Deni lingebaki lile lile na uhamisho ungebaki ule ule. Tofauti ni kwamba jioni ile wangepanda basi watu wawili wenye shida mbili, badala ya watu wawili ambao kila mmoja ni shida ya mwenzake.

Msitafute kumaliza jambo lenyewe pale. Saa moja haitoshi kupanga mkopo wa miezi 18. Patanani tu siku ya kulikalia, kwa mfano Jumamosi ijayo watoto wakiisha kulala, mwandike na hesabu kwenye karatasi. Jambo lililopewa siku yake halina haja ya kupiga kelele njiani.

Na kama hasira imekwisha kuwaka? Mtume Paulo aliwaonya Waefeso (4:26) wasiache jua litue wakiwa bado na hasira, na Papa Fransisko naye aliwasihi wanandoa wasimalize siku bila kupatana. Hakudai hotuba. Alisema ishara ndogo yaweza kutosha. Pwani jua hutua upesi, mnajua. Mguse bega mwenzako, mbebee mfuko wake, mnunulie chupa ya maji ya safari. Maelezo yatafuata baadaye.

Usiku wa mwisho

Kuna jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nasi tutalitaja kwa heshima. Wako waume wanaouhesabu usiku wa mwisho kama deni: chumba kimelipiwa, basi mke asikatae. Wako pia wake wanaoutumia kama fimbo: umenikosea dukani, basi lala ukitazama ukuta. Wote wawili wamekifanya kitanda cha ndoa kuwa soko. Tendo la ndoa ni lugha ya kujitoa, na lugha hiyo haina kudai wala kuadhibu. Kama mmechoka, au kama hamjapatana bado, kushikana mikono na kusali Baba Yetu pamoja kabla ya kulala si usiku uliopotea. Wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi wanajua tayari kwamba siku za mwili hazisomi kalenda ya hoteli. Wengi wao hutuambia kwamba kungoja pamoja kumewafundisha maneno mengine ya mapenzi, na tunawaamini.

Ikiwa siku ya mwisho ni Jumapili, msifanye safari kuwa kisingizio. Misa ya Jumamosi jioni hutimiza wajibu wa Jumapili, na Malindi ni makao ya jimbo tangu mwaka 2000, kwa hiyo hamtakosa kanisa. Pelekeni altareni pamoja na sadaka yenu hilo jambo moja mlilolitoa mchangani.

Zawadi na mlango wa nyumbani

Juu ya zawadi tuseme waziwazi, maana zimevunja amani nyingi. Mama wa mume na mama wa mke ni mama wawili sawasawa. Kama pesa hazitoshi jozi mbili za leso, nunueni pakiti mbili za korosho au za mabuyu, kila mama apate yake. Na aliyebaki na watoto, awe nyanya, dada wa kazi au jirani, atangulie wote katika orodha. Afadhali shemeji wa mbali akose halua. Pangeni orodha hiyo wawili mkiwa bado na pesa mkononi, siku ya tano au ya sita, na siku ya mwisho soko litakuwa matembezi tu.

Mtakapofungua mlango mtakutana na yale ya chini ya mlima: mdogo ana kikohozi, maji yamekatika, mkubwa amepigana na mwenzake, nyanya ana malalamiko. Saa hiyo usimwambie mwenzako, "Unaona sasa? Tusingekwenda." Neno hilo hufuta siku saba kwa pumzi moja, na watoto hujifunza kwamba baba na mama wakifurahi wawili ni kosa. Mmoja amchukue mtoto mgonjwa, mwingine amsikilize nyanya mpaka amalize. Mizigo itafunguliwa kesho. Ile karatasi ya Jumamosi iwekeni mahali mtakapoiona wote wawili.

Wanaosoma ukurasa huu wawili, au katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, wanaweza kuzungumza kwanza juu ya safari yao ya mwisho, hata kama ilikuwa ya siku moja kwenda kuwaona wazazi: ni saa ngapi kila mmoja alianza "kurudi nyumbani" moyoni, na je, alimwambia mwenzake? Kisha mume na mke, kila mmoja kwa zamu, wamwulize mwenzake swali moja: kuna jambo gani unaloniwekea siri kwa kunihurumia? Mwenye kuuliza asijibu kitu mpaka kesho yake.